Machela ya Walio Hai

Wenzangu mliobaki kazini mmeniomba niandike niliyoyaona katika miaka yangu ya udresa, kazi ya kufunga vidonda na kuchoma sindano, ili vijana wanaoingia sasa wajue tulikotoka. Nimekubali kwa sharti moja: habari za vyeo na mshahara sitaziandika. Vyeo vyangu vimo kwenye faili huko bomani, na mshahara wangu, anayetaka kuujua na aje nyumbani atazame paa langu linavyovuja.

Nilianza kazi katika hospitali moja ya Moshi, miaka michache kabla ya vita ya Hitla. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe alilonishonea mama yangu, nikiamini kabisa kwamba kabla ya saa sita nitakuwa nimeshika sindano. Nilipewa ndoo. Aliyenipa ndoo alikuwa dresa mkubwa, Bwana Shabani, mtu wa Njoro. Baba yake alikuja na misafara kutoka bara ya mbali, mama yake alikuwa wa Pangani, na yeye mwenyewe alizaliwa hapo hapo mjini na hakuwahi kupanda mlima hata siku moja. "Mlima nauona vizuri nikiwa hapa," alikuwa akisema. Kwa majuma matatu niliosha chupa. Nilipomuuliza ni lini nitaanza kujifunza kutibu, aliinua chupa moja, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Hii umeiosha?" Nikajibu ndiyo. "Basi bado hujaanza," akairudisha kwenye ndoo.

Bwana Shabani alikuwa na mtindo wake wa kumpokea mgonjwa. Sisi wengine tulikimbilia kuuliza, unaumwa nini? Yeye alianza kwa kutazama miguu. Mwenye udongo mwekundu hadi magotini ametoka juu mgombani. Mwenye vumbi la kijivu ametoka nyika, huko Chekereni na kwingineko. Mwenye miguu safi ni jirani, na huyo angeweza kungoja. Kisha anauliza, umetoka wapi, na umeondoka lini.

"Mtu wa Njoro akija na homa," alinifundisha, "hiyo ni homa ya jana. Mtu wako wa mlimani akija na homa, hiyo ina siku tano. Mbili za kungoja ipone yenyewe, mbili za mganga wa kienyeji, moja ya njia. Usiwatibu sawasawa, utamuua mmoja."

Nilimuuliza kwa nini watu wa kwetu wanachelewa hivyo, na dawa za serikali ni za bure.

"Dawa ni bure," akasema. "Bei iko njiani."

Sikumwelewa. Nilikuwa kijana, na miguu yangu ilikuwa mizuri.

Nilimwelewa nilipopelekwa juu kufungua dispensari ya Mangi, mtawala wetu wa mlimani. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye bati, mwendo wa saa tano kutoka mjini kwa anayeteremka, na kwa anayepanda inategemea na moyo wake. Katikati kulikuwa na makorongo matatu, kila moja na mto wake, na ukishafika Rau, ukingoni mwa mji, ndipo unaanza kusema umefika. Nilikabidhiwa jiko moja la mafuta ya taa, sufuria moja, mabomba mawili ya sindano, sindano sita, iodini, kwinini, chumvi ya haluli, dawa ya buba, na rungu la mlinzi. Mlinzi mwenyewe hakuja.

Vijana, ninyi mnaletewa sindano mpya kwenye boksi. Sisi sindano ikiisha makali tuliinoa kwa jiwe, jiwe laini la kunolea visu vidogo, kwa mafuta kidogo. Kuipima, unaipitisha kidogo kidogo juu ya ukucha: ikiteleza, noa tena, ikikwama, tayari. Kisha inachemshwa. Mgonjwa asione unaponoa. Niliwahi kunoa mbele ya mzee mmoja, akaniambia amepona.

Lakini kwa jumla watu walipenda sindano kuliko kitu chochote. Dawa ya buba ilikuwa imewatibu wengi vidonda vya miaka, na wote wakaamini kwamba nguvu iko kwenye kuchomwa. Vidonge waliviona ni vitu vya kumfurahisha mtoto. Bibi mmoja alipanda saa mbili kuja kwangu, akakaa kwenye benchi, akafungua bega.

"Unaumwa nini, Bibi?"

"Mimi siumwi. Mzee wangu ndiye anaumwa, hawezi kutembea. Nichome mimi, nitampelekea."

Vijana niliokuwa nao walicheka hadi wakatoka nje. Mimi pia nilicheka. Jioni nikawa naliwaza lile neno, sikucheka tena. Yule bibi hakuwa mjinga. Alikuwa ameleta kile kilichoweza kuja.

Vidonge navyo vilikuwa na mambo yake. Baba mmoja alimleta mtoto wake aliyeshuka nyika kukata majani ya ng'ombe akarudi na homa. Nikampa kwinini za siku tano, nikamweleza mara tatu. Siku ya sita akarudi, mtoto bado ana homa, na babu yake sasa hasikii, ana nyuki masikioni. Nikauliza, babu ameingiaje hapa? Ikaonekana kwamba yule baba alifika nyumbani na vidonge akavigawa kama mbuzi aliyechinjwa, kwa utaratibu wetu, kila mtu na fungu lake kwa heshima yake. Babu alipata fungu kubwa kuliko wote. Baba mkubwa akapata lake. Mgonjwa, kwa kuwa ni mtoto, alipata kimoja. Nilipofoka, yule baba alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Sasa mbe, bwana wangu, nimpe mtoto kwanza, babu yake akiwa amekaa pale anatazama?"

Tangu siku ile sikumpa mtu vidonge vya kwenda navyo. Wote walimezea mbele yangu. Maana yake mgonjwa alilazimika kuja kila siku, kwa hiyo wa mbali hakuja kabisa. Kila mlango niliouziba, njia iliingia dirishani.

Basi niingie kwenye habari ya machela, ambayo ndiyo niliyokusudia kuandika.

Ngiri iliyokaza, mfupa uliovunjika vibaya, mtoto aliyekwama tumboni, haya hayakuwa ya kwangu. Yalikuwa ya kisu cha Bwana Dokta huko chini. Na mgonjwa wa namna hiyo hatembei saa tano. Zamani watu walibebwa mgongoni au kwenye ngozi ya ng'ombe, na wabebaji ni watu wa ukoo. Wabebaji nao, kwa desturi, wanapikiwa mbege, pombe yetu ya ndizi, wakirudi. Hapa tatizo mnaliona, maana mbege inachukua siku kuiva, na ngiri haingojei. Isitoshe, mwenye migomba michache na ndugu wachache alikuwa hana wa kumbeba wala cha kuwapa. Nikaenda kwa Mangi. Nilisimama uani kwake siku mbili kabla hajaniita. Nikamwomba vitu viwili: fundi anitengenezee machela ya turubai na miti miwili, na amri kwamba kubeba mgonjwa kuhesabiwe kama msaragambo, kazi ya lazima ya mtaa mzima, sawa na kuzibua mfongo wa maji ya shamba, kila mtaa ubebe hadi kwenye korongo lake na kupokezana. Mangi alifikiri, akasema, "Na mbege?" Nikasema, "Bila mbege, Mangi." Akafikiri zaidi. Mwishowe akakubali, lakini nadhani hakunipenda tena.

Bwana Shabani nilipompelekea habari alifurahi sana. Akaniusia jambo moja tu. "Sikiliza. Chombo cha kubebea wagonjwa kisibebe maiti. Hata mara moja. Hata akiwa nani."

Nikasema nimesikia.

Mtu wa kwanza kubebwa alikuwa Meku Ndesario, mzee aliyeheshimiwa pande zetu zote. Ngiri ilikuwa imemkaza tangu juzi yake. Walimshusha vizuri, mtaa kwa mtaa, mimi nikiwa pembeni kama bwana arusi. Bwana Dokta alimpasua, lakini utumbo ulikwisha kuoza. Siku ya pili akafariki.

Mmoja wetu hazikwi ugenini. Anazikwa kwenye kihamba chake, yaani shamba la ukoo, kati ya migomba yake, karibu na baba yake. Hilo halina mjadala. Asubuhi ile nilikuwa bado hospitalini, nikaona kaka wa marehemu anakuja, na mkononi ana jani la isale limefungwa fundo. Mlimani tunajua maana yake. Masale tumeyapanda kwenye mipaka ya vihamba vyetu vyote, na mtu akikuletea jani lake anakuomba msamaha au anakuomba jambo, na hukatai. Aliyemwua ndugu yako akikuletea isale, unalipokea. Sembuse mtu aliyefiwa anayeomba miti miwili na turubai.

Nikampa machela.

Bwana Shabani alinikuta nimesimama peke yangu.

"Machela iko wapi?"

"Nimewapa. Walikuja na isale."

"Na nini?"

"Jani."

"Umetoa machela kwa ajili ya jani?"

"Bwana Shabani, lile si jani."

"Ni nini basi?"

Nikafikiri nimwelezeje mtu wa mjini. "Ni jani," nikasema, "lakini halikataliwi."

 Kisha akanipa ndoo, nikaoshe chupa. Wakati huo nilikuwa dresa kamili, na niliosha.

Siku waliyompandisha Meku Ndesario ilikuwa siku ya soko, na njia inapita sokoni katikati. Wanawake wote wa mitaa saba walikuwepo na ndizi zao na magadi yao. Waliiona machela ikishuka na mzee anaongea, sasa wanaiona ikipanda na mzee amefunikwa. Hakuna aliyehitaji maelezo. Tangu siku hiyo jina lake likawa kitanda cha Ndesario, na hakuna kiumbe aliyekubali kukilalia.

Kwa mwaka mzima niliitazama machela ile ikining'inia ukutani. Nitasema wazi, nilikuwa na hasira, na zaidi ya hasira nilikuwa na aibu. Watu wanne walikufa mwaka ule kwenye vitanda vyao, watu ambao kisu kingewaponya. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule, kijana wa rika langu, tulitahiriwa pamoja. Nilimwomba, akanishika mkono, akaniambia kwa upole, "Nitapona hapa hapa." Hakupona. Mpaka leo majina yao nayajua yote manne, na sijawahi kuyasema mbele za watu.

Nilijaribu kila kitu. Nilibadilisha turubai, wakasema miti ni ile ile. Nikabadilisha miti, wakasema ukuta ni ule ule. Nikamwomba mchungaji aje aiombee. Akaja, akaomba vizuri na kwa kirefu. Mchili wa mtaa wetu, yaani mkubwa wa mtaa, akasema, "Sawa, imeombewa. Sasa mchungaji alale kidogo tuone." Mchungaji akakumbuka kwamba ana ubatizo mahali fulani.

Ndipo nikaamua nibebwe mimi. Nikangoja siku ya soko, nikawaomba jamaa zangu wanne, nikalala kwenye machela macho wazi, wakanipitisha katikati ya soko. Nilishika ndizi mbivu na kuila hadharani, ili mtu asiwe na shaka. Mama mmoja muuza maharage akapiga yowe.

"Maskini! Dresa wa watu amekufa!"

"Sijafa, mama. Ninakula ndizi."

"Maskini," akamwambia mwenzake, "bado anaongea."

Nilipotelemka na kusimama kwa miguu yangu, nikauliza, mmeona? Wakasema wameona. Lakini wewe una dawa, wakasema. Wewe kifo hakikuwezi, umejichanja. Wakarudi kwenye ndizi zao.

Basi mwaka ukapita. Asubuhi moja, kabla sijachemsha sindano, akaja Eliasi, mtoto wa marehemu Meku Ndesario, anahema. Mke wake, Anasia, alikuwa na uchungu tangu jana mchana, mimba yake ya kwanza, na mtoto hatoki. Nikachukua mfuko wangu tukaenda mbio.

Mwanamume haingii nyumba ya mzazi. Nilisimama nje ya ukuta, kati ya migomba, nikamwuliza mkunga kwa kupaza sauti. Mkunga alikuwa mama mtu mzima, tena hodari.

"Kinachotangulia ni kichwa?"



"Ni mkono," akajibu.

Nikajua hapo hapo. Mtoto amelala mlalo, na mkono ukishatoka, hakuna mkunga duniani wa kumgeuza. Nikamwambia Eliasi, "Ni kisu cha Bwana Dokta, na ni leo. Jua la jioni halitamkuta." Eliasi akakimbia kuita wabebaji. Mimi nikakimbia dispensari kuchukua machela. Niliporudi nayo begani, mlangoni amesimama Mama Eliasi, mjane wa Meku Ndesario, mikono ameikaza kwenye miimo yote miwili ya mlango.

"Shikamoo, Mama."

Hakuitikia. Katika maisha yangu ni mara moja tu mama wa kwetu kutoitikia shikamoo yangu.

"Hicho," akasema, "kilinishushia mume mzima, kikanirudishia gogo. Hakiingii humu."

"Mama, si machela iliyomwua mzee. Ni ngiri."

"Wewe ulikuwepo ndani ya tumbo lake?"

"Mama, mkono umeshatoka. Tukikaa hapa, watakufa wote wawili."

"Na akilala humo atakufa njiani, nitamzika mkwe wangu kama nilivyomzika baba yao. Afadhali afie mikononi mwangu. Ondoka, dresa. Nimeshakuambia kwa heshima."

Wabebaji walikuwa wameshafika, wamesimama wanatazama chini. Hakuna mwanamume pale angempita yule mama. Eliasi alikuwa analia bila kujificha. Ndani nilimsikia Anasia, sauti imekuwa ndogo, na sauti ikishakuwa ndogo hivyo, sisi wa kazi hii tunajua maana yake. Nilikuwa na maneno mengi ya Bwana Dokta kichwani, yote ya kweli, na hakuna hata moja lililofaa.

Nikaiweka machela chini. Nikaenda hadi mpaka wa kihamba chake, nikachuma jani la isale kwenye boma lake mwenyewe, nikalifunga fundo. Nikarudi nikapiga magoti mbele yake, na koti la serikali nimelivaa.

"Mama Eliasi," nikasema, "siku ile walinijia na isale, nikatoa machela impandishe mzee. Nilikuwa nimekatazwa. Machela ilikuwa ya wagonjwa, mimi nikaifanya jeneza. Watu wanne wamekufa kwa kosa langu, na leo nimekuja kukuomba nisiwe na wa tano na wa sita. Nimekosa, Mama. Nisamehe, na unipe mkweo nimbebe."

Alilitazama lile jani. Nikaona uso wake unakasirika, na nilijua ni kwa nini. Alikuwa anajua kama ninavyojua mimi kwamba sasa hana njia.

"Mtu wa serikali," akasema, "unaniletea isale kutoka boma langu mwenyewe."

"La kwangu liko mbali, Mama."

Akalipokea. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akatoka mlangoni, akaenda hadi kwenye machela, akakusanya nguo yake, akalala juu yake, chali, miguu sawasawa.

"Nibebeni," akawaambia wale wanaume. "Hadi mwisho wa kihamba na kurudi. Kama kuna kifo humu kimebaki, kinikute mimi kwanza. Mimi nimeshakula chumvi yangu."

Wanaume hawakusogea. Akawapigia kelele. Wakamwinua. Wakampeleka polepole kati ya migomba, wakazunguka kwenye masale, wakapita karibu na kaburi la mume wake, na yeye amefumba macho na jani amelishika kifuani. Mimi nilihesabu hatua zao kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Walipomrudisha mlangoni alifungua macho, akatazama juu, akajipapasa shingo na kifua. Akaketi.

"Hamna kitu," akasema. "Ni turubai. Tena linawasha." Akageuka mlangoni akaita kwa sauti, "Mleteni!"

Tulishuka. Kila tulipokaribia korongo nilipuliza filimbi, na watu wa ng'ambo wakatoka mashambani wakatupokea. Mama Eliasi alitembea pembeni njia yote saa tano, mkono juu ya ukingo wa machela, na kila mtaa alipoona wabebaji wapya wanasita aliwaambia, "Nimeilalia mimi. Beba." Wakabeba. Tulipita sokoni, haikuwa siku ya soko, kulikuwa na mbuzi wawili tu. Tukapita Rau, tukaingia mjini jua likiwa limeanza kugeuka, na Bwana Shabani alitazama miguu yetu, hakuuliza kitu, akamwita Bwana Dokta.

Tulikaa chini ya ukuta, mimi na Mama Eliasi na mwanawe. Bwana Shabani alituletea chai. Mama Eliasi hakuwahi kunywa chai ya Mswahili, akainywa. Kisha tukasikia mtoto. Yule mama, aliyekuwa amesimama wima tangu alfajiri, akaniegemea, akalia kwa kwikwi kwenye koti la serikali. Mimi nami nililia, sioni haya kuliandika. Alikuwa mtoto wa kike, mkono wake mmoja umevimba kidogo, na Anasia yu hai.

Sasa Bwana Shabani akanivuta kando. "Huyu akirudi kwa miguu yake," akasema, "umefanya kazi bure. Walimwona anashuka. Wamwone anapanda. Tena siku ya soko."

Baada ya majuma mawili Anasia alikuwa anatembea vizuri kabisa. Bwana Dokta akamruhusu, akaona wabebaji wanne wa mlimani wamekuja na machela, akauliza kwa nini mwanamke mzima abebwe kama mgonjwa. "Hiyo ndiyo sehemu ya dawa iliyobaki, Bwana," akasema Bwana Shabani. Bwana Dokta alitazama saa yake akaenda zake. Anasia mwenyewe aliona haya, akataka kushuka kila tulipopanda mlima mkali, na wabebaji nao hawakukataa sana wazo hilo. Mama mkwe wake akamwambia, "Kaa hapo hapo."

Tukaingia sokoni. Anasia ameketi machelani, mtoto kifuani, Mama Eliasi yuko mbele kama mtu anayeongoza ng'ombe. Yule muuza maharage akasimama. Akaja, akamfunua mtoto uso, akamtazama mama yake.

"Huyu kweli," akasema, "ni mzima."

Juma lile lile walikuja watu wawili kuiomba machela. Mwaka uliofuata nililazimika kutengeneza ya pili.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi, na mengi mnayajua. Bwana Shabani alistaafu, akafariki Njoro kwake, nikateremka kumzika. Barabara ilichongwa, likaja gari la wagonjwa, linafika hadi korongo la kwanza na kusimama, na hapo machela inaanza. Mkipewa gari la pili, msiitupe machela.

Lakini nimalizie hili. Mwaka jana Mama Eliasi, akiwa mzee sana, aliugua kichomi. Alikubali kushushwa. Aliilalia kwa mara ya pili, akalalamika kwamba bado inawasha. Alikaa hospitalini siku tisa, akafariki huko chini.

Asubuhi ya pili yake nilikuwa nachemsha sindano, nikamwona Eliasi anakuja kwa njia ya kihamba. Mvi zimemjaa sasa. Mkononi ana jani la isale lililofungwa fundo.  Nilijua atakachoomba, na nilikuwa nimekwisha kuapa nitakachojibu, na jani ni jani. Hata kabla hajanisalimu nikaanza kusema.

"Eliasi, ndugu yangu, pole sana. Pole kwa mama yetu. Lakini machela…"

"Sijafuata machela," akasema. "Mama tumekwisha kumleta. Tumembeba kwenye mlango wa zizi, kwa zamu, tangu Moshi. Ndivyo alivyotaka. Alituambia, mimi sasa ni maiti, machela ni ya walio hai, msiiguse."

Akanyoosha mkono. Nikaona lile jani halikuwa bichi. Lilikuwa kavu, jeusi kwa moshi, jani lililokaa darini miaka mingi juu ya jiko, na fundo lilikuwa langu, fundo la dresa, la kufungia bandeji.

"Akasema hili nikurudishie," akasema Eliasi. "Akasema nikuambie ameshasamehe."

Nililipokea. Hata kama angekuja kuiomba, machela ile haikuwepo. Ilikuwa imeshuka tangu alfajiri na mama mmoja wa mtaa wa juu, mimba yake ya kwanza.